Dodoma hadi Antalya: mwanamke anayesafiri peke yake Uturuki

Mwanamke anayetoka Dodoma kwenda Uturuki peke yake hasumbuki sana akiwa ametulia mahali. Husumbuka akiwa njiani kati ya mahali na mahali: uwanja wa ndege saa sita usiku, stendi asiyoijua, teksi isiyowasha mita, mlango wa nyumba ya kupanga usiofunguka kwa namba aliyotumiwa. Kwa hiyo panga safari yako kwa saa kwanza, vivutio baadaye. Unatoka saa ngapi, unafika saa ngapi, na nyumbani nani anajua.

Habari njema ni kwamba tangu 2016 Uturuki imekaa kwenye saa moja na Tanzania mwaka mzima. Ukiwa Antalya, mji wa pwani ya kusini ya Uturuki, mama yako pale Nkuhungu, Dodoma, anaona saa ileile. Mkubaliane muda wa kupiga simu kila siku, tuseme saa moja jioni, na mkubaliane pia atafanya nini simu isipopigwa hadi saa tatu usiku: ampigie nani, jina la hoteli liko wapi, nakala ya pasipoti anayo nani.

Karatasi kabla ya tiketi

Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na fomu inajazwa mtandaoni. Uturuki inataka pasipoti ibaki hai angalau siku 60 baada ya muda wa viza kuisha. Viza ya siku 30 maana yake uwe na siku 90 zilizobaki siku unapoingia. Ukiwa na miezi 6 au zaidi, hakuna wa kubishana nawe kaunta.

Kwa viza, anza na tovuti rasmi, evisa.gov.tr. Chagua Tanzania na aina ya pasipoti yako, soma masharti yote mpaka chini, kisha ndipo ulipe. Ikionyesha kwamba hustahili viza ya mtandaoni, njia ni ubalozi wa Uturuki Dar es Salaam. Wengi hukosea hapa: wanaandika "viza ya Uturuki" kwenye simu, wanafungua tovuti ya kwanza inayotokea, inayofanana na ile rasmi lakini inatoza zaidi, na pengine haileti viza kabisa. Andika anwani kwa mkono wako, herufi kwa herufi.

Chapa nakala 3 za viza, tiketi ya kurudi na hoteli ya usiku wa kwanza. Afisa wa mpakani akikuuliza umekuja kufanya nini, karatasi mkononi humaliza maswali haraka kuliko simu yenye chaji ndogo.

Kutoka Dodoma

Ndege nyingi za Istanbul huondoka Dar usiku wa manane. Angalia tarehe kwa makini. Tiketi ikisema Alhamisi saa 04:05, hiyo ni saa kumi usiku, na unatakiwa uwe uwanjani Jumatano usiku. Watu wazima wenye akili timamu wameachwa na ndege kwa kosa hilo moja.

SGR inakutoa Dodoma mpaka Dar kwa chini ya saa nne kwa treni ya haraka, lakini usichukue treni ya mwisho inayokutosha. Chukua ya mchana. Hitilafu ya umeme ikitokea njiani bado una muda, na utavuka foleni ya barabara ya Nyerere kabla jioni haijachanganya.

Kwenye begi weka adapta. Soketi za Uturuki ni za matundu mawili ya duara, na plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii. Weka doti moja ya khanga: ni mtandio wa msikitini, shuka la ufukweni, pazia la dirisha lisilofunga na blanketi la kwenye basi. Hali ya hewa nayo isikudanganye. Joto la Dodoma ni kavu; Antalya Julai na Agosti hupita nyuzi 35 na unyevu wa bahari juu yake, jasho halikauki. Istanbul kuanzia Desemba hadi Machi ni baridi ya kweli, pengine na theluji. Koti zito la mtumba la Sabasaba litakufaa kuliko masweta matatu.

Fedha zigawe sehemu tatu: kiasi cha siku kwenye pochi, dola au yuro za akiba mwilini chini ya nguo, na kadi ya benki ndani ya begi. Kabla ya kuondoka iambie benki unakwenda wapi, la sivyo kadi inaweza kufungwa mara ya kwanza unapoitumia ugenini. Mashine ya fedha ikikuuliza utozwe kwa lira, fedha ya Uturuki, au kwa fedha ya kadi yako, chagua lira. Uwanjani badilisha kidogo tu cha kukufikisha mjini. Viwango vizuri viko kwenye maduka ya kubadilisha fedha yenye kibao cha *döviz*.

Istanbul, saa za kwanza

Jiji lina viwanja viwili vya ndege. IST uko upande wa Ulaya, SAW (Sabiha Gökçen) uko upande wa Asia, na kati yake kuna mlango wa bahari wa Bosphorus na foleni ya saa nyingi. Ukiunganisha ndege ya kwenda Antalya, hakikisha herufi tatu kwenye tiketi zote mbili zinafanana.

Ukitoka nje ya IST, anayekufuata akisema "taksi, taksi" mpite. Teksi halali ziko kwenye mstari wake, na mita inaitwa *taksimetre*. Isipowashwa, shuka kabla gari halijaondoka. Wakati wa kulipa taja kwa sauti noti unayotoa: "iki yüz", yaani 200. Hila ya zamani ni dereva kuibadilisha noti yako kubwa na ndogo kisha kukuonyesha ile ndogo, akidai ndiyo uliyompa.

Njia nafuu mchana ni treni ya chini ya ardhi, M11 hadi Gayrettepe, kisha M2 hadi Vezneciler, na kutoka hapo unatembea hadi mtaa wa Laleli. Unahitaji kadi ya Istanbulkart, inayouzwa kwenye mashine za njano na inatumika kwenye treni, tramu, mabasi na vivuko.

Laleli na Aksaray ndiko wanakokwenda wafanyabiashara wetu wa nguo. Mchana ni soko zuri, lakini jua duka la jumla linauza *seri*, yaani seti ya saizi zote za mtindo mmoja, si gauni moja moja, na Jumapili mengi hufungwa. Usiku mambo hubadilika. Mwanamke Mwafrika akitembea peke yake Aksaray saa nne usiku ataulizwa bei na wanaume asiowajua, na hilo halitokani na nguo alizovaa. Kama si lazima, lala karibu na kituo cha tramu ya T1, Sultanahmet au Beyazıt, kisha uje Laleli asubuhi.

Jambo jingine lisemwe wazi. Polisi mitaani hukagua vibali vya wageni, na Waafrika husimamishwa mara nyingi zaidi. Tembea na pasipoti yenyewe ndani ya mfuko wa kifuani, pamoja na nakala ya viza. Ukisimamishwa, onyesha ukiwa hapohapo mtaani penye watu. Anayejiita polisi bila sare akitaka kuhesabu fedha zako, usimpe pochi; mwambie mwende kituoni.

Hoteli ina haki ya kuona pasipoti yako na kuiandika, si kukaa nayo. Subiri irudishwe. Ukipanga nyumba ya siku chache, tangu Januari 2024 sheria inataka mwenye nyumba awe na kibali na kibao mlangoni. Muombe picha ya kibao hicho kabla ya kulipa. Akikwepa, tafuta kwingine.

Kuelekea baharini

Istanbul hadi Antalya ni takriban kilomita 700, basi ni nusu siku, mara nyingi ya usiku. Kwa mwanamke peke yake mabasi haya yana utaratibu mzuri sana: unaponunua tiketi unaulizwa jinsia, na mfumo haumkalishi mwanamume asiyehusiana nawe kando yako. Sema *bayan yanı*, kando ya mwanamke. Bora zaidi, omba *tekli koltuk*, kiti cha peke yake upande wenye safu moja. Ukikosea jinsia kwenye tovuti, ukadhani si muhimu, utahamishwa mbele ya abiria wote au ukose nafasi.

Stendi huitwa *otogar* na mara nyingi iko nje ya mji. Panga basi likufikishe baada ya alfajiri. Antalya, tramu inapita stendi na uwanja wa ndege, na kituo cha İsmetpaşa kinakushusha karibu na Kaleiçi, mji wa kale, penye lango alilojengewa Hadrian, mfalme wa Roma, mwaka 130. Vichochoro vyake ni mawe, na magurudumu ya sanduku huvunjika. Begi la mgongoni ndilo lake.

Safari fupi ni za *dolmuş* (isome dolmush), ndugu wa daladala bila konda: panapopokewa taslimu, unampa abiria wa mbele yako nauli, inapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji inarudi hivyohivyo. Kushuka sema "inecek var", kama sisi tunavyosema "shusha". Ukibaki abiria wa mwisho usiku, shuka mahali penye taa na watu.

Ufukwe wa Konyaaltı ni wa kokoto, nenda na viatu vya mpira. Lara ni mchanga. Sarısu kuna ufukwe wa wanawake watupu, na kwa asiyetaka macho ya watu ni pa kutulia kweli. Bendera nyekundu ikipepea usiingie majini, hata kama bahari inaonekana shwari.

Hamamu, bafu la mvuke la Kituruki, ni raha, ila uliza kabla ya kuvua. Mwanamke huogeshwa na mwanamke, anaitwa *natır*. Baadhi ya hamamu za watalii na za hotelini huweka mwanamume, na mgeni hudhani ndiyo desturi. Siyo desturi. Sema "natır istiyorum". Asipokuwepo, ondoka.

Maneno na ishara

Kituruki kina maneno ya Kiarabu kama chetu, na hilo linatusaidia. Salamu ni *merhaba*, ndugu wa marahaba yetu, ila wao huanza nayo. *Hesap* ni hesabu, ndiyo bili. *Sabun*, *kitap*, *dakika* hazihitaji mkalimani. *Cami*, inayosomwa jami, ni msikiti, kama tunavyosema Msikiti wa Jamia. Na *ayıp* ni aibu.

Hilo la mwisho lishike. Mwanamume akikugusa kwenye tramu, usinong'one. Sema kwa sauti: "Ayıp!" Wazee na akina mama waliomo watageuka wote, naye atashuka kituo kinachofuata. Kwa msaada mkubwa zaidi ni "İmdat!" au simu 112, namba moja ya polisi, gari la wagonjwa na zimamoto.

Mwite muuzaji wa kiume *abi*, kaka. Mwanamke ni *abla*, dada, na mama mtu mzima ni *teyze*. Ukimwita mtu kaka umeshaweka mpaka, kama nyumbani. Ukipotea, mfuate teyze au mama mwenye watoto kwanza.

Mtu akiinua kidevu na nyusi huku akitoa mlio wa ulimi, hajakusonya. Amesema "hapana". Wanawake wetu wengi huchukia bure hapo. Watu watakukodolea macho, watataka kupiga picha nawe, wengine watanyoosha mkono kwenye nywele zako. "Hayır", hapana, na hatua moja nyuma zinatosha. Huna deni la tabasamu.

Chai utapewa dukani, na kuipokea si ahadi ya kununua zulia. Lakini chai ni ya dukani penye mlango wazi, siyo ya ghorofani wala ya "nyumbani kwa dada yangu". Kinywaji chako kikiachwa mezani ukaenda chooni, agiza kingine.

Choo kina bomba dogo la maji ndani yake, kwa hiyo chupa haihitajiki. Pedi zinaitwa *ped*. Duka la dawa ni *eczane*, na usiku, duka lililofungwa hubandika mlangoni jina la lile la zamu, *nöbetçi*. Maji ya kunywa nunua ya chupa.

Ukipoteza pasipoti

Polisi kwanza, uandikiwe ripoti. Istanbul kuna polisi wa watalii Sultanahmet. Kisha ubalozi wa Tanzania, ambao uko Ankara, si Istanbul. Ni kilomita 450 hivi, karibu sawa na Dodoma na Dar, saa nne na nusu kwa treni ya kasi. Weka akiba ya nauli hiyo na usiku mmoja wa hoteli usiiguse mpaka siku ya kurudi. Nakala ya pasipoti na picha 2 za pasipoti ziwe begi tofauti na lenye pasipoti.

Ndege ya kurudi ikifika Dar usiku, usitoke kutafuta usafiri wa Dodoma saa hizo. Kaa ndani ya jengo la 3 la uwanja wa ndege (Terminal 3) mpaka kupambazuke, au lipia mapema chumba cha karibu chenye gari lake la kukufuata, kisha panda treni ya asubuhi. Laini yako ya Tanzania na shilingi 50,000 taslimu ziwe kwenye begi la mkononi tangu unaondoka Istanbul, kwa sababu sanduku likichelewa, nauli yako isichelewe nalo.