Gundi ya breki na klachi kwa mafuta ya maganda ya korosho: namna ya kuifanya ivumilie moto

Wadau wa kusini, leo tuongelee ile gundi inayoshikanisha mchanganyiko wa ndani ya pedi za breki na lainingi za klachi (lile tabaka la msuguano), maana malighafi yake moja nzuri sana ipo hapa hapa Mtwara na Lindi kwenye maganda ya korosho, na mara nyingi maganda hayo tunayachoma tu kama kuni. Gari likishuka ule mteremko wa Newala kwenda Masasi limejaa magunia na dereva kakanyaga breki muda wote, joto kwenye pedi linaweza kupita nyuzi 300, na hapo kinachoachia kwanza sio chuma wala zile nyuzinyuzi, ni gundi. Inaungua, inatoa gesi, gesi inakaa kati ya pedi na diski, pedali unaisikia ngumu kabisa ila gari halishiki. Klachi ikiteleza ni hivyo hivyo, ile harufu kali ni gundi inaungua.

Gundi inayotumika zaidi ni rezini ya fenoliki (utomvu wa kiwandani unaotengenezwa kwa kemikali za fenoli na fomalidehaidi), ndugu wa bakelaiti, ile plastiki ngumu iliyotoka 1907. Moto inavumilia vizuri ila ni ngumu mno, inapasuka na breki zinapiga kelele. Mafuta ya maganda ya korosho yana fenoli ya asili inaitwa kadanoli, ina mkia mrefu wa kaboni 15, na mkia huo ndio unaofanya gundi inyumbulike kidogo na breki itulie. Tatizo ni kwamba mkia huo huo ndio unaoungua mapema. Kwa hiyo kazi yote iko hapo, uchukue ule ulaini bila kupoteza uvumilivu wa moto, na mimi nasema wazi wengi wanaharibu kwa kumwaga korosho nyingi kwa sababu ni ya bei rahisi.

Anza na mafuta. Yaliyokamuliwa bila moto yamejaa asidi ya anakadiki, hayo usiyapeleke moja kwa moja kwenye rezini kwa sababu ukija kuyapasha kwenye moldi (kalibu) yatatoa hewa ya ukaa na kipande chako kitajaa mapovu. Yapashe kwanza nyuzi 180 mpaka 200 huku unakoroga, yatafura sana, sufuria isizidi theluthi moja kujaa na iwe ya stenlesi, endelea mpaka povu liishe kabisa ndo ujue asidi imegeuka kadanoli. Fanyia nje au chini ya bomba la kuvuta moshi, mbali na moto wa wazi. Na jamani glovu na miwani sio hiari, akina mama wanaobangua korosho wanajua yale mafuta yanavyobabua mikono. Ukiweza kupata kadanoli iliyokenekwa kwa vakyumu ni bora zaidi, inakuwa safi na kila mzigo unafanana na mwenzake.

Sasa rezini. Kupika fenoli na fomalidehaidi ni kazi ya maabara yenye mtungi uliofungwa, kipoza mvuke na mtu anayeijua, ule mchanganyiko ukianza kujipasha wenyewe huuzuii, na fomalidehaidi inasababisha kansa, kwa hiyo usijaribu uani kwako. Mkiwa na maabara, acheni kadanoli ichukue nafasi ya fenoli kama asilimia 10 hadi 20 hivi, ukizidisha sana gundi inalainika kwenye joto. Kwa karakana ndogo ushauri wangu ni mwingine: nunua novolaki ya unga tayari (rezini ya fenoliki isiyoganda mpaka uitie kigandishi), halafu korosho yako iingie kama unga wa msuguano, yaani mafuta yaliyopikwa yakagandishwa kwa heksamini (kemikali ya unga, ndiyo kigandishi) mpaka yakawa magumu kabisa, yakasagwa na kuchekechwa. Huo unga weka kama asilimia 5 mpaka 10 ya mchanganyiko wote wa pedi, gundi yenyewe, yaani novolaki, asilimia 8 mpaka 15, na heksamini ya kuikausha karibu asilimia 10 ya uzito wa novolaki. Gundi ikipungua pedi inamong'onyoka, ikizidi ndo breki zinakataa mlimani.

Mkitaka kupandisha joto zaidi, rezini iliyopikwa na asidi ya boriki inasaidia kweli, kifungo cha boroni na oksijeni ni kigumu kukivunja kwa moto kuliko cha kaboni kwa kaboni. Ila boroni haipendi unyevu na sisi tunakaa pwani, hewa ya Mikindani na ya Lindi mjini imelowa muda mwingi wa mwaka, hivyo unga ukae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na heksamini pia.

Pale ninapotaka mkae kwa utulivu ni kwenye kuoka, maana gundi ya kawaida iliyookwa vizuri inaishinda gundi ya gharama iliyoharakishwa. Presi iwe nyuzi 150 hadi 160, dakika za mwanzo fungua kidogo mara kadhaa ili amonia itoke, bila hivyo utapata malengelenge. Ukitoa kwenye moldi bado hujamaliza, ingiza kwenye oveni uanze nyuzi 120 upandishe taratibu mpaka 180 au 200, kazi ya saa nyingi, hata usiku mzima. Ukipandisha haraka gesi inapasua kipande kwa ndani na kwa nje huoni kitu.

Kujua imeiva: saga kipande kidogo, loweka unga kwenye asetoni, chuja, kausha, pima uzito, kilichoyeyuka ni gundi ambayo haijakauka, kikiwa kingi rudi kwenye oveni. Halafu chukua kipande chako na kipande cha pedi nzuri ya dukani, vipime uzito na unene kwa kalipa, viweke pamoja nyuzi 300 kwa saa moja, vipime tena. Chako kikipoteza uzito zaidi au kikivimba, punguza korosho. Ila usisage lainingi za magari ya zamani kujilinganisha, nyingine zina asibesto na vumbi lake linaua mapafu.

Klachi ina jambo lake. Lainingi yake inazunguka kwa kasi kubwa, ikipasuka inasambaa, kwa hiyo huko nyuzi zilizosokotwa zinaloweshwa kwenye rezini ya kimiminika na ulaini wa kadanoli unahitajika zaidi kuliko kwenye breki.

Na hata vipimo vyote vikikaa sawa, usimfungie mtu pedi hizo kwenye gari lake wala bodaboda. Oveni inakuambia habari za moto tu, msuguano unapimwa kwenye mashine yake, pedi nyingi za magari zinacheza kwenye namba ya msuguano ya 0.35 hadi 0.45, na cha kuangalia zaidi ni ile namba inashuka kiasi gani pedi ikichemka na kama inarudi ikipoa. Andikeni kila mzigo na vipimo vyake, nendeni SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango) mkiwa na hayo makaratasi na sampuli mkononi.