Vichaka vya rangi mwaka mzima: namna ninavyopanda, na bogenvilia iliyonitesa miaka miwili

Mwezi wa kumi na mbili niliitwa na Afande mmoja mstaafu, upande wa Bombo, hapa Uganda. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha bogenvilia sita zilizonipita kimo, kijani tupu. "Kijana wangu, nililipia maua, nimeletewa miiba." Nikajizuia kucheka, maana kosa lile nalijua. Nililifanya kwangu.

1. Anza na majani, maua yafuate

Kwa wauza miche wa barabarani macho yanakimbilia kilichochanua siku hiyo. Baada ya wiki tatu ua limeanguka na wewe umebaki na kijiti. Huku kwetu ikweta hakuna baridi ya kuangusha majani, kwa hiyo rangi ya kutegemea ni ya jani. Katika kila vichaka vitatu ninavyopanda, viwili ni vya majani: krotoni, akalifa ya rangi ya shaba, duranta ya dhahabu. Vyote viweke juani. Krotoni na duranta zikikaa chini ya mwembe zinarudi kijani, halafu watu wanamlaumu aliyewauzia.

Cha tatu ndicho cha maua. Hibiskasi ndiyo ninayoipenda kuliko zote: ua lake hudumu siku moja tu, lakini kesho kuna lingine. Ukitaka buluu, plambago. Iksora ni nzuri, ila usiipande ikigusa ukuta mpya wa saruji. Chokaa inashuka kwenye udongo na majani yanakuwa manjano, utamwaga mbolea mpaka uchoke.

Lantana sipandi kwa mtu yeyote. Ndege hula tunda lake na kusambaza mbegu, halafu ng'ombe wa jirani akiyala majani anaugua. Olianda pia, kama nyumba ina watoto wadogo, hapana. Ina sumu kuanzia jani hadi mti wake.

2. Kununua

Inua kiroba cha mche kwanza. Kikigoma kutoka ardhini, mizizi imeshatoboa na kuingia chini, na muuzaji akikivuta ataikata. Chukua kingine.

3. Shimo

Chimba, mimina jerikani la maji, nenda kalale. Asubuhi ukikuta maji bado yamesimama, panda pengine au inua tuta. Panda mvua zinapoanza: kwetu kanda ya kati ni Machi au Septemba. Walio Gulu na kaskazini wana msimu mmoja mrefu, wao waanze Aprili.

4. Bogenvilia (soma yote, tafadhali)

Ile rangi unayoiona si ua. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Zambarau na nyekundu ni majani yaliyogeuka kulizunguka. Mmea huu hugeuza majani hayo ukiwa na jua la kutosha na kiu kidogo. Mimi nilikuwa naunywesha kwa mpira wa maji kila jioni, kisha kila mwezi samadi ya kuku. Miaka miwili! Ulikua kama mhogo. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni inalisha majani. Nilikuwa nalipa pesa ili usichanue.

Kwa hiyo: jua la saa sita au zaidi kwa siku. Samadi, ile iliyooza vizuri, weka mara moja tu siku ya kupanda. Mmea ukishashika, acha mpira. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho rafiki yake.

Lakini angalia, "acha mpira" haimhusu mche wa wiki mbili. Huo mwagilia hadi uanze kutoa machipukizi mapya, nami huwa naumwagilia miezi mitatu ya kwanza bila ubishi. Wala haihusu uliopandwa kwenye chungu, huo hukauka haraka. Mwagilia udongo ukikauka kabisa juu. Na mmea uliosinyaa kwa ugonjwa usiuadhibu kwa kiu.

Mizizi yake ni laini ajabu. Usiuvute mche kwenye kiroba. Kichane kwa wembe ukiwa umeshauweka shimoni, kisha toa nailoni taratibu.

Jambo la mwisho ndilo lililokuwa tatizo la Afande kwa kweli, mbali na mpira. Kijana wake wa kazi alikuwa anaikata kila Jumamosi ili iwe sawasawa kama ukuta. Bogenvilia huchanulia kwenye matawi mapya, na mapya ndiyo yaliyokuwa yanakatwa. Ipogoe baada ya rangi kuanguka, kisha iache. Ukitaka uzio ulionyooka panda duranta, hiyo haina hasira na mkasi.

5. Matandazo

Kwa kufunika udongo, maganda ya kahawa, hakuna kinachoyashinda. Yaache kiganja kimoja mbali na shina, la sivyo shina litaoza au mchwa watapata njia ya kujificha.

6. Mkasi

Mkasi wa kupogolea wenye makali, siyo panga. Panga linapasua tawi na kuacha kidonda.

Afande hakukubali mara moja. "Mmea usiponyweshwa utakufa, wewe unanifundisha nini?" Tukapatana: tatu aziache, tatu aendelee nazo kama alivyozoea. Mwisho wa Februari alinitumia picha. Tatu zimewaka zambarau hadi kwenye paa. Zile nyingine tatu, anasema, amewapa mbuzi.