Hita ikitoboka kwenye nyumba ya mawe: usikimbilie saruji

Nyumba za zamani za Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta ni mnene, na maji yakishaingia hutoka polepole mno. Hita ya maji iliyo darini ikitoboka kwa kutu, fuata utaratibu huu.

Kwanza zima umeme kwenye meni swichi kabla hujakanyaga maji. Funga koki inayolisha hita. Maji ya tangi huunguza, yaache yapoe.

Pili, toa mazulia na magodoro, sogeza makabati mbali na ukuta. Ukungu huanza ndani ya siku 1 au 2.

Tatu ni boriti, na hapa usiwe na haraka. Kagua ncha zinazoingia ukutani, maana ndiko unyevu hujificha. Choma kwa bisibisi: ikizama kama kwenye ndizi mbivu, boriti imeoza. Weka mirunda ya kuitegemeza kabla mtu hajapita juu yake. Tazama na mchwa, wanapenda mti uliolowa.

Nne, kausha. Fungua madirisha ya pande mbili upepo upite. Feni isubiri fundi umeme akague nyaya. Tafadhali, usiwashe jiko la mkaa ndani ili ukuta ukauke. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Tano, gonga plasta. Inayolia uwazi, ibandue. Kisha subiri, hata miezi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache siku 2. Kikitoa jasho kwa ndani, bado.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo fundi. Nimeshauriwa nipige saruji yenye dawa ya kuzuia maji, nimalize wiki hii.*

Marahaba mwanangu. Kataa. Saruji itafungia maji ndani, yapande juu au yatafute boriti. Piga chokaa na mchanga wa maji baridi. Wa ufukweni una chumvi.

*Ukuta unatoa unga mweupe, nikiuosha unarudi.*

Hiyo ni chumvi, na ukiuosha unairudisha ndani. Sugua kwa brashi kavu, zoa, katupe nje. Rudia hadi ipungue.

*Hita mpya niirudishe palepale darini?*

Hapana. Ishushe bafuni kwenye sakafu ya saruji, na bomba la valvu ya usalama (inayotoa maji presha ikizidi) litokeze nje mahali unapopaona. Likidondosha maji usilizibe, mwite fundi.