Una mgonjwa wa kansa nyumbani? Soma hii kabla hujaja kaunta kuomba dawa ya fangasi

Mi nakaa kaunta ya famasi hapa Mwanjelwa, Mbeya, na fangasi huku kwetu ndo mkate wetu, kuanzia mvua za Novemba mpaka Aprili watu wako ndani ya gambuti kutwa nzima, soksi hazikauki, ukishuka Tukuyu ndo usiseme kabisa. Kwaiyo mtu akisema naomba dawa ya fangasi mkono unaenda kwenye shelfu wenyewe. Ila juzi kaja mama mmoja wa makamo, nimemwamkia, akanionyesha simu akasema mwanangu nipe itrakonazoli za mwezi mzima, sio za fangasi, ni za baba yenu ana kansa ya koo, nimetumiwa klipu inasema zinaamsha kinga ya mwili iue uvimbe. Nikamwambia mama kaa kwanza hapo kwenye benchi. Tuliongea kama nusu saa hivi, na haya ndo niliyomwambia, hapa nimeyanyoosha kidogo.

Cha kwanza, jua dawa inagusa nini. Seli ya fangasi ina ngozi yake, na ngozi hiyo inashikiliwa na mafuta yanaitwa ergosteroli. Ya kwetu inashikiliwa na kolesteroli. Dawa za jamii ya azoli, yaani flukonazoli, itrakonazoli, ketokonazoli na wenzao, zinaziba kimeng'enya (enzaimu) kinachopika hiyo ergosteroli. Amfoterisini B, ile ya dripu wanayopewa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, yenyewe inang'ang'ania ergosteroli iliyokwisha pikwa na kuiharibu ngozi ya fangasi. Sasa ergosteroli na kolesteroli ni mtu na binamu yake, na dawa haiombi kitambulisho. Itrakonazoli hasa inajulikana kuvuruga namna kolesteroli inavyosafirishwa ndani ya seli za binadamu mwenyewe.

Mama akauliza, sasa mafuta na kinga wapi na wapi? Swali zuri sana hilo. Seli za kinga zinazoua kansa, zile T za CD8 na zile wanazoita wauaji wa asili, haziui kwa kurusha mawe kutoka mbali, lazima zishikane na seli ya kansa ngozi kwa ngozi, na pale zinaposhikana vipokezi, yaani mikono yao ya kumshika adui, vinasogea vinasongamana sehemu moja kama abiria mlangoni mwa kosta saa kumi na mbili jioni, alafu ndo inamwagwa perforini inayotoboa matundu, na granzaimu zinazopita humo na kuifanya seli ya kansa ijiue. Hivyo vipokezi vinateleza juu ya hayohayo mafuta. Ukibadilisha mafuta umebadilisha mshikano. Mwaka 2016 watafiti wa China walionyesha kwenye panya kwamba ukizuia kimeng'enya cha ACAT1 kinachoifungia kolesteroli akiba, seli T za CD8 zinapata kolesteroli zaidi kwenye ngozi na zinaupiga uvimbe vizuri zaidi. Dawa waliyotumia, avasimibe, haikuwa ya fangasi, ilitengenezwa kwa ajili ya mishipa ya moyo.

Wenye klipu wanaishia hapo hapo. Hawakwambii kwamba inaweza kwenda kinyume. Kuna dawa ya kansa ya tezi za limfu (limfoma, sio tezi dume) inaitwa rituksimabu, inajibandika kwenye CD20, protini iliyo juu ya seli ya kansa, kama alama ya chokaa kwenye nyumba ya kubomolewa, kinga ikiona alama inakuja kubomoa. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha kwamba itrakonazoli inazuia CD20 isijikusanye kwenye visiwa vya mafuta vya ngozi ya seli, na rituksimabu inapoteza nguvu. Umeona? Dawa ileile unayoisifia inaamsha askari ndo inayofuta alama ya nyumba. Amfoterisini nayo inawachokoza askari kupitia kipokezi cha TLR2, ndo sababu mojawapo mgonjwa akiwekewa dripu anatetemeka na homa inapanda, lakini kutetemeka sio kuua kansa.

Nisiwe mnyimi, itrakonazoli kweli imejaribiwa kwa wagonjwa wa kansa, ya mapafu na ya ngozi kwa mfano, kwa sababu inabana njia ya Hedgehog, mawasiliano ya ndani ya seli yanayoisukuma ikue, na inazuia uvimbe usijiotee mishipa mipya ya damu. Ila hayo ni majaribio chini ya madaktari, vipimo vya ini kila wakati, na mpaka leo sio tiba ya kawaida ya kansa. Na wale wanaosema kansa yenyewe ni fangasi, hao waache wapite.

Sasa ufanyeje. Kabla ya kidonge chochote cha fangasi toa kadi ya kliniki na dawa zote za mgonjwa uzimwage mezani, hata za kienyeji, hata ya vidonda vya tumbo. Piga picha kila pakiti upande wenye jina la dawa, sio upande wa picha nzuri. Usiniambie anatumia dawa za kansa, kansa ina dawa nyingi, niambie jina.

Hapa nikiri. Miaka ya nyuma, famasi nyingine sio hii, nilimuuzia kijana itrakonazoli za mba na sikuuliza kitu. Kumbe alikuwa kwenye vinkristini, dawa ya kansa. Itrakonazoli inaziba kimeng'enya cha ini CYP3A4 kinachoivunja vinkristini, dawa inabaki mwilini kama sumu, wiki mbili baadaye dada yake akaja kuniambia miguu imekufa ganzi, tumbo limefunga hapati choo, amelazwa. Alipona, lakini toka siku ile nauliza mpaka wateja wanakasirika. Vinkristini inatumika sana kwa hizo kansa za tezi za limfu na kansa ya ngozi ya Kaposi, kwaiyo hili jambo haliko mbali na wewe.

Vingine vya kuangalia. Vidonge vya terbinafini, vile vya kucha, vinaziba CYP2D6, kimeng'enya kingine cha ini, na mama mwenye kansa ya titi anayetumia tamoksifeni anakitegemea hicho kimeng'enya ili dawa yake ifanye kazi. Omeprazoli inapunguza asidi ya tumbo, na kapsuli za itrakonazoli bila asidi haziingii vizuri mwilini, unakula hela yako bure. Ketokonazoli ya kumeza iache kabisa, inaumiza ini, toka 2013 Ulaya na Marekani waliibana. Mwenye moyo uliochoka, usiosukuma damu vizuri, asiguse itrakonazoli.

Fangasi ya vidole au mapajani, anza na krimu ya klotrimazoli, ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu. Paka mpaka wiki mbili baada ya kuonekana imepona, sio siku tatu kisa muwasho umeacha. Ila soma tyubu, zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani zinatuliza muwasho kwa kuilaza kinga ya ngozi, fangasi inatanuka chini chini. Gambuti zivue mchana uzianike, soksi za pamba, kausha katikati ya vidole. Juni Julai baridi la Uyole linawafanya watu walale na soksi, mgonjwa usimruhusu.

Utando mweupe mdomoni ndo habari nyingine. Kemo na mionzi vinashusha kinga na fangasi ya mdomo inapata nafasi, nistatini ya maji ya kusukutua haiingii kwenye damu kwaiyo haigombani na dawa za kansa, ila akimeza chakula kinachoma mpaka kifuani hiyo ishashuka kwenye mrija wa chakula, inahitaji dawa ya kumeza na daktari ndo apange. Na akiwa kwenye kemo joto likifika 38 usinijie mimi, nenda hospitali usiku huohuo.

Nilipofika hapo mama akanyamaza, alafu akasema huyo mzee ana ulimi mweupe wiki ya pili sasa, hali uji, sisi tulidhani ndo kansa inapanda. Kliniki wameambiwa? Hapana, tarehe yake ya Dar ni mwisho wa mwezi. Zaidi ya kilomita 800 hizo, asubiri mwisho wa mwezi bila kula! Nikamwandikia kwenye karatasi ya pakiti: ulimi una utando mweupe, kumeza kunauma, siku 10, dawa anazotumia ni hizi, nikazipanga zote saba. Nikamwambia kesho asubuhi mpeleke hapa hapa Hospitali ya Rufaa, usisubiri Dar, karatasi mpe daktari mkononi. Akaikunja akaiweka kwenye fundo la kanga, akasema ndaga, yaani asante, itrakonazoli hakununua.