Kibodi ya gemu: kuichagua, na kuifufua ikimwagikiwa juisi ya miwa

Jumamosi mpwa wangu alinigongea mlango asubuhi na mapema, kibodi kaifunga kwenye khanga ya mama yake. "Shikamoo anko. W imekufa." Kwa mchezaji wa gemu za kufyatuliana risasi, W ikifa hakuna kwenda mbele. Kibodi yenyewe nilimchagulia mimi, kwa hiyo kesi ilikuwa yangu. Naandika tuliyoyafanya, nikianza na kuchagua.

Hatua ya 1: Kununua

Kibodi za bei ya chini zina shiti la raba chini ya vitufe. Kwa barua za ofisini zinatosha. Kwenye gemu unashika Shift, W na A kwa pamoja, ukiongeza kitufe cha nne mara nyingi hakifiki, kwa sababu vitufe vinachangia njia za umeme. Jaribu dukani kabla ya kulipa: fungua Notepad, shikilia hivyo vitatu, kisha gonga E, R, na Space. Herufi ikikosekana, rudisha.

Usiamini neno "mechanical" (yaani kila kitufe kina swichi yake, si shiti la raba) kwenye boksi. Chomoa kofia ya kitufe kimoja. Usipoona kiboksi cha swichi kinachojitegemea, chenye msalaba katikati, hiyo ni raba iliyovaa suti.

Rangi za swichi zilianzia kwa Cherry wa Ujerumani na wengine wakazifuata. Nyekundu inashuka laini, kahawia ina kikwazo kidogo katikati, bluu inalia "tak" kila ukibonyeza. Mimi ni mtu wa nyekundu. Bluu kwenye nyumba ambayo watu wanalala chumba kimoja ni kutafuta ugomvi.

La maana kuliko rangi na taa zote: nunua yenye swichi za kuchomoa kwa kibanio, zisizochomelewa kwa lehemu. Uliza pia inapokea swichi za aina gani, maana baadhi zinakubali zenye pini nyembamba tu. Vitufe 87 vinatosha, maus inapata nafasi.

Hatua ya 2: Hakikisha imekufa kweli

Ukishika Shift ya kulia sekunde nane, Windows huwasha Filter Keys na kibodi inaonekana imezimia. Ukiigonga mara tano inakuja Sticky Keys, inayofanya vitufe kama Shift vibaki kama vimeshikwa. Zima zote mbili kwenye mipangilio. Halafu kibodi nyingi za gemu, Fn na W vikibonyezwa pamoja, WASD (W, A, S na D, vitufe vya kutembelea kwenye gemu) inabadilishana kazi na mishale. Nimeshaletewa kibodi mbili "mbovu" ambazo dawa yake ilikuwa kubonyeza Fn na W tena.

Hatua ya 3: Imemwagikiwa

Chomoa waya, igeuze kifudifudi. Usiianike juani juu ya bati.

Hatua ya 4: Kofia

Piga picha kwanza. Tumia kichomoleo cha waya, kile cha plastiki cha duara kinakwaruza. Osha kwa sabuni, kausha siku nzima.

Hatua ya 5: Swichi yenyewe

Hapa ndipo usiku wangu ulipoishia.

Anza kwa kutafuta mgonjwa ni nani. Chomoa swichi ya W: bana vishikio vyake vya juu na vya chini, vuta wima bila kuyumbisha. Kisha chomoa ya kitufe usichokitumia, kama Scroll Lock, uiweke kwenye W. Ikifanya kazi, swichi ya W ndiyo mbovu. Isipofanya, tatizo liko kwenye soketi au bodi. Jaribio hili ni la dakika mbili, nami nililiruka kwa sababu nilijiona fundi.

Nilichofanya ni kuitumbukiza swichi kwenye isopropili ya asilimia 99, ile wanayoiuza kwa mafundi simu, nikaibonyezabonyeza, nikaikausha. Ikafanya kazi saa moja, ikanata tena. Nikarudia. Mara ya tatu ndipo nikakumbuka kemia ya sekondari: sukari haiyeyuki kwenye isopropili, inayeyuka kwenye maji. Nilikuwa naiogesha sukari, siiondoi.

Kwa hiyo maji kwanza. Chukua maji safi ya kuongezea betri (distilled water), lakini soma chupa vizuri, maana kuna ya tindikali inayofanana nayo, na hiyo usiiguse. Yapashe yawe vuguvugu, zamisha swichi iliyochomolewa (swichi tu, sio kibodi), bonyeza mara thelathini hivi, badilisha maji, rudia mpaka isinate. Sasa ndipo isopropili, kazi yake ni kufukuza maji. Kausha usiku kucha. Swichi iliyopakwa grisi itapoteza grisi, vumilia.

Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi, itachelewa kukauka. Tina ya rangi usiisogeze hata karibu, kofia za plastiki ya ABS zinayeyuka.

Kuirudisha: angalia pini zote mbili kwenye mwanga. Yangu moja ilijikunja chini ya swichi, na kwa juu ilionekana imekaa sawasawa. Nilihangaika na hiyo kwa muda mrefu kuliko na sukari. Nyoosha kwa kibanio, taratibu, haivumilii kukunjwa mara nyingi. Kisha bonyeza wima. Kama kasha linafunguka, tegemeza bodi kwa kidole upande wa chini, kwa kuwa soketi imeshikwa na lehemu pekee. Mwaka jana niling'oa moja kwa kusukuma kwa nguvu, nikaishia kumlipa fundi wa lehemu.

Hatua ya 6: Matunzo

Brashi kila wiki, kofia zote nje kila miezi mitatu. Ukiishi karibu na bahari ifunike usiku, hewa ya chumvi inakula chuma.

Mpwa ameondoka na swichi sita za akiba kwenye kichupa cha vidonge. Juisi ya miwa sasa anaiweka sakafuni, upande wa kushoto, ambako ndiko iliko ekstensheni ya umeme. Hilo bado sijamalizana naye.