Mgongo kwanza: namna ya kulala bembeani porini bila baridi na bila gharama kubwa

Baridi ya kitanda cha bembea inaanzia chini. Mtu aliyezoea kulala ndani ya nyumba huliona jambo hili la ajabu, maana nyumbani tukisikia baridi tunaongeza blanketi la juu na mambo yanakwisha. Chini lipo godoro, linafanya kazi yake na hakuna anayelishukuru. Ukishafunga bembea kati ya miti miwili, godoro huna. Una kitambaa kimoja chembamba, na upepo unapita chini yake usiku kucha ukichukua joto lote linalotoka mgongoni. Hata usiku wa nyuzi 18 za selsiasi, ambao ukikaa nje na sweta huusikii kabisa, unaweza kukuamsha saa tisa ukiwa na kiuno kilichoganda.

Mfuko mnene wa kulalia peke yake haukuokoi. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi za pamba au poliesta. Ukiulalia mfuko, uzito wako unaikamua hewa hiyo yote, na upande wa chini unabaki vitambaa viwili vilivyogandana. Ndiyo maana mtu anatoka jasho kifuani huku mgongo unatetemeka. Kwa hiyo pesa ya kwanza uliyonayo, hata iwe kidogo namna gani, iende mgongoni. Mimi ni mwembamba na huwa nasikia baridi kabla ya wenzangu wote. Mpangilio huu ndio unaonilaza.

Njia rahisi kuliko zote ni mkeka wa sponji ngumu, ule wa mazoezi au wa kambi, wenye unene wa sentimita moja hivi. Usichukue sponji laini ya godoro: inabanwa ikaisha, na inafyonza maji. Kuijua ni rahisi. Bonyeza kwa kidole gumba. Ikirudi haraka, halafu ukichovya kona majini ikatoka kavu ndani, ndiyo yenyewe. Shida ya mkeka ni upana. Bembea inakukumbatia, mabega na viwiko vinagusa kitambaa pembeni ambako mkeka haufiki, na baridi inaingilia hapo. Tafuta mkeka wa pili uliochakaa, kata vipande viwili vya kama sentimita 50 kwa 30, uvibandike kwa utepe mpana wa gundi kulia na kushoto usawa wa mabega. Mkeka pia huteleza. Uingize ndani ya mfuko wa kulalia uulalie humo humo, au kama bembea yako ina kitambaa cha tabaka mbili, uchomeke katikati.

Kile kizuia jua chenye kung'aa kinachowekwa kwenye kioo cha mbele cha gari nacho kinasaidia. Peke yake ni chembamba mno, lakini kikiwekwa chini ya mkeka utaona tofauti, tena ni kipana, kinafunika mabega. Mgongo utalowa jasho kidogo kwa sababu vitu hivi havipitishi hewa. Vaa fulana ya poliesta au sufu, siyo ya pamba, maana pamba ikilowa inakaa na maji yake mpaka asubuhi.

Mkeka unatosha kwa wengi. Ila anayetaka kulala vizuri hasa atengeneze blanketi la nje, yaani blanketi linaloning'inia chini ya bembea, upande wa nje, mahali ambapo uzito wako hauwezi kulibana. Yanauzwa yaliyokwisha tengenezwa, na bei zake zinakera ukishajua ndani kuna nini. Chukua mfuko wa kulalia uliokufa zipu, au blanketi nene la poliesta la mtumba, lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2 au karibu na hapo. Kunja kingo mbili ndefu sentimita tatu, zishone ziwe mfereji, pitisha kamba ya lastiki ndani yake. Fanya hivyo hivyo kwenye kingo fupi, lakini humo pitisha kamba ya kawaida ya kufinyia. Ncha za lastiki unazifunga kwenye kamba zinazoshika bembea, kichwani na miguuni. Mimi nashona kwa mkono, sindano ya magunia na uzi wa viatu. Mishono inachekesha lakini haifumuki.

Usiyetaka kushona, weka kijiwe cha duara kwenye kila kona ya blanketi, kikunje ndani ya kitambaa, ufunge kamba shingoni mwake. Kona haichomoki hata ukiivuta. Vijiwe vingine viwili katikati ya kila upande mrefu vitazuia blanketi lisilegee.

Kazi yenyewe iko kwenye kurekebisha, na hapa usiwe na haraka. Blanketi la nje lazima liguse bembea bila kuibana. Likining'inia mbali hata kwa upana wa kiganja, hewa baridi inazunguka katikati na umejitaabisha bure. Likikazwa sana linabanwa, nalo linapoteza hewa yake. Ingia ulale, kisha mwenzako apitishe mkono kati ya blanketi na kitambaa chini ya kiuno chako. Akikuta pengo, kaza lastiki. Halafu afinye zile kamba za ncha mbili mpaka mdomo wa kichwani na wa miguuni ufunge. Watu wanasahau milango hiyo miwili, halafu wanalalamika kwamba blanketi halifai.

Kama upepo ni mkali, funga kitambaa kisichopitisha upepo chini ya blanketi hilo: koti la mvua lililofunguliwa, au kipande cha turubai jepesi. Plastiki nyembamba yenye rangi ya fedha, ile ya kujifunika wakati wa dharura, nayo inazuia upepo, lakini inapiga kelele kila ukigeuka na inakusanya unyevu. Mimi nimeiacha. Ukikwama kabisa, mfuko mkubwa wa taka uliojazwa majani makavu na kufungwa kati ya bembea na blanketi utakuvusha usiku. Yawe makavu kweli, na uyakung'ute kwanza, maana si wewe peke yako unayependa kulala mahali penye joto.

Ulalaji nao una maana. Lala kimshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande mwingine. Mwili unanyooka, mabega yanaachiwa, na mkeka unakaa mahali pake. Kamba zishuke kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Bembea isiwe juu kuliko kiti cha kawaida ukiikalia, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo upepo unavyokupata.

Mahali pa kufunga hapagharimu kitu. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka na kujikusanya bondeni na kando ya mito, kwa hiyo panda kidogo ubavuni mwa kilima, usifike kileleni kwenye upepo. Ukipanda mlima kweli kweli, kumbuka joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Tazama juu kabla ya kufunga kamba: tawi lililokufa ni sababu tosha ya kuhama. Kwa paa la juu ya bembea, turubai lolote lisilovuja linatosha. Upande unaotoka upepo lishushe mpaka karibu na ardhi. Kwenye kila kamba ya bembea, chini ya turubai, funga uzi mfupi unaoning'inia ili maji ya mvua yanayofuata kamba yadondokee hapo badala ya kukufuata kitandani.

Kwa juu, tumia ulichonacho. Mfuko wa kulalia uliofunguliwa ukawa blanketi, miguu tu ikiwa imefungwa, ni rahisi kuliko kupigana na zipu ukiwa hewani. Kofia, soksi kavu ambazo hukutembea nazo mchana, na nguo za kulalia zisizo na jasho. Kula kitu chenye mafuta kabla ya kulala, kojoa, ruka ruka kidogo ili uingie ukiwa na joto, kwa kuwa blanketi halitengenezi joto, linatunza lile uliloingia nalo. Chupa ngumu ya maji ya moto, kifuniko kimekazwa na soksi imevishwa juu yake, iweke katikati ya mapaja. Pombe iache: inapeleka damu kwenye ngozi, unajisikia moto huku mwili unapoteza joto.

Usiweke jiko la mkaa wala moto chini ya bembea au ndani ya turubai lililofungwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua aliyelala. Na mwenzako akitetemeka bila kukoma, akaanza kuongea kama mlevi, mtoe, mvue nguo zenye unyevu, mkaushe, mfunike na ukae naye akiwa na joto. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na anachanganyikiwa, hali imezidi kuwa mbaya; mguse taratibu na uite msaada.

Usiku wa kwanza ufanye karibu na nyumba au gari. Ukiamka na baridi, shika mwili wako ujue ni wapi hasa, kwani kiuno kinamaanisha pengo la blanketi, mabega yanamaanisha upana wa mkeka, na miguu mara nyingi inataka sweta la ziada ndani ya mfuko. Asubuhi, kabla ya kukunja, geuza kila kitu nje-ndani ukianike juani walau wakati chai inachemka.