Kilatini cha mwanzo kwa mwanafunzi wa sekondari: soma mwisho wa neno

Mwongozo huu ni wa anayeanza Kilatini pamoja na historia ya Roma, awe yuko seminari ndogo, awe anasoma sekondari Ulaya au Marekani, au anajifundisha nyumbani. Anayekijua Kiswahili vizuri ana mtaji ambao vitabu vingi vya Kilatini havimwambii kwamba anao. Vitabu hivyo huandikiwa wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba kitenzi kinaweza kubeba nafsi ndani yake, au kwamba kivumishi lazima kipatane na nomino. Hayo wewe unayafanya tangu utotoni. Usipitie Kiingereza kwenda Kilatini. Fukua daftari lako la sarufi ya Kiswahili, lenye kiima, shamirisho na ngeli, uliweke mezani.

Hatua ya 1: Chagua matamshi

Kuna matamshi ya Kanisa na matamshi ya kale. Seminari na kwaya hutumia ya Kanisa: c mbele ya e, i au ae ni "ch", ae ni "e", gn ni "ny". Kwa hiyo Caesar ni "Chesar" na agnus ni "anyus". Sekondari nyingi za Uingereza na Marekani hutumia ya kale: c ni "k" daima, v ni "w", ae ni "ai". Caesar basi anakuwa "Kaisar", jirani kabisa na Kaisari wa Biblia ya Kiswahili. Yoyote yanafaa. Ubaya ni kuyachanganya, kwa sababu neno ulilolisikia kwa namna mbili utalikariri mara mbili.

Irabu zisome kama za Kiswahili, ila zingatia kistari cha juu: ā ni ndefu. Venit ni "anakuja" na vēnit ni "alikuja".

Mkazo ndio unaotuponza. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Katika neno la silabi tatu au zaidi, Kilatini huuweka hapo pale tu silabi hiyo inapokuwa nzito, yaani ina irabu ndefu, ina irabu mbili zilizoungana kama ae, au inafungwa na konsonanti: a-MĪ-cus, pu-EL-la. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja: DO-mi-nus, a-GRI-co-la. Ukisema "do-MI-nus" mwalimu atajua mara moja umetoka wapi.

Hatua ya 2: Vifaa

Daftari, penseli, kadi za karatasi, kamusi. Programu za kadi kwenye simu si mbaya, lakini kuandika kwa mkono hukulazimisha kuuona mwisho wa neno, na mwisho wa neno ndio somo lenyewe. Maneno 10 kwa siku yanatosha. Mashine za kutafsiri ziache kabisa mwaka wa kwanza: hukupa jibu bila kukuonyesha njia, na mtihani unauliza njia.

Hatua ya 3: Kitenzi

-o, -s, -t, -mus, -tis, -nt ni ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Tofauti ni kwamba Kilatini kinaviweka mwishoni. Porto ni ninabeba, portat anabeba, portant wanabeba. Katika baadhi ya nyakati -o hugeuka -m: portabam, nilikuwa nikibeba. Ego hutajwa kwa msisitizo tu, kama tunavyosema "mimi ninabeba".

Hatua ya 4: Mwisho wa nomino

Hapa nenda taratibu. Katika Kiswahili, "Juma amemwona Asha" na "Asha amemwona Juma" zinatofautiana kwa nafasi tu. Katika Kilatini nafasi haikuambii nani kamwona nani. *Servus dominum videt* na *Dominum servus videt* zote ni "mtumwa anamwona bwana". Ukitaka bwana ndiye aone, badilisha miisho: *Servum dominus videt*.

Hali hizo za nomino huitwa casus. Zijifunze kwa istilahi unazozijua tayari:

- nominativus: kiima
- accusativus: shamirisho kipozi
- genitivus: kazi ya -a unganifu (wa, ya, cha, la)
- dativus: shamirisho kitondo, yule anayepewa au kufanyiwa
- ablativus: ala, mahali na chanzo (kwa, na, katika, kutoka)

Ya sita, vocativus, ni ya kuita, na katika umoja hubadilika hasa kwa maneno ya -us: Marcus, lakini "Marce!"

Makundi matatu ya kwanza ya nomino, kwa mpangilio huohuo wa casus, ni haya:

puella (msichana): puella, puellam, puellae, puellae, puellā, wingi: puellae, puellas, puellarum, puellis, puellis

servus (mtumwa): servus, servum, servi, servo, servo, wingi: servi, servos, servorum, servis, servis

rex (mfalme): rex, regem, regis, regi, rege, wingi: reges, reges, regum, regibus, regibus

Vitabu vya Marekani huweka genitivus na dativus kabla ya accusativus. Fuata mpangilio wa darasa lako, ingawa huu wa Uingereza ni bora: miisho inayofanana inakaa pamoja. Wala usingoje kukariri majedwali yote ndipo usome sentensi. Jifunze kundi moja, soma sentensi 20 za kundi hilo, kisha uende la pili. Mwanafunzi anayeimba jedwali zima kama shairi bado hukwama akiulizwa *nautis* ni nini katika sentensi iliyo mbele yake.

Sasa utaratibu wa kusoma. Chukua sentensi hii: *Agricolae filia nautis aquam dat.*

Kwanza tafuta kitenzi, mara nyingi kiko mwisho. *Dat*: -t, kwa hiyo kiima ni umoja, nafsi ya tatu. Anatoa, anampa mtu kitu. Kitenzi hiki kinadai kipozi na kitondo, na sasa unajua unachokitafuta.

Pili, tafuta kiima cha umoja. *Agricolae* inaweza kuwa nominativus, lakini ya wingi, -t imeikataa. Imebaki *filia*. Binti anatoa.

Tatu, kipozi. *Aquam* ina -am, haina mjadala. Binti anatoa maji.

Nne, kitondo. *Nautis* ni dativus au ablativus ya wingi, na kwa kuwa kitenzi ni cha kupa, ni dativus. Binti anawapa mabaharia maji.

Tano, mabaki. *Agricolae* sasa ni genitivus au dativus. Kitondo kimeshapatikana, basi ni genitivus: binti wa mkulima anawapa mabaharia maji.

Badilisha herufi chache uone: *Agricolae filiae nautis aquam dant.* Kitenzi ni wingi, kwa hiyo *agricolae* na *filiae* zote zinaweza kuwa kiima. Sarufi peke yake haimalizi kesi. Mazingira ya hadithi ndiyo yanaamua, na kwa kawaida utachagua "mabinti wa mkulima". Ukifika hapa usifikiri umekosea. Andika uwezekano wote pembeni kwa penseli, usome sentensi inayofuata, kisha urudi.

Miisho inayoleta utata zaidi ni hii:

-ae: genitivus ya umoja, dativus ya umoja, nominativus ya wingi.

-a: nominativus ya umoja (puella), ablativus ya umoja (puellā, na vitabu vingi vya ngazi ya juu huondoa kistari), au wingi wa maneno ya jinsi ya tatu (neutrum, isiyo ya kiume wala ya kike) kama *bella*, vita. Ukiona *bella* na kitenzi cha wingi, huyo si msichana mrembo, ingawa *bella* pia ni "mrembo" wa kike. Kumbuka pia kwamba katika jinsi hiyo nominativus na accusativus hufanana siku zote, kwa hiyo *bellum* inaweza kuwa kiima ingawa ina -um.

-um: accusativus ya umoja katika *servum*, lakini genitivus ya wingi katika *regum*.

-is: kwa "wasichana" na "watumwa" ni dativus au ablativus ya wingi, kwa "mfalme" ni genitivus ya umoja. Isitoshe, *regis* inaweza kuwa kitenzi: unatawala.

Vihusishi vinapunguza utata, mradi ujue kila kimoja kinataka casus gani. *In* ndicho cha kuchunga. *In foro* (ablativus) ni sokoni, mtu yupo hapo. *In forum* (accusativus) ni kuingia sokoni. Kosa hili linaonekana dogo, lakini linamfanya mtu asimame pale alipopaswa kutembea.

Upatanisho wa kivumishi nao una mtego. Kivumishi hufuata jinsi, idadi na casus ya nomino, hakifuati sauti yake. *Agricola* na *nauta* zina sura ya kike lakini ni za kiume, kwa hiyo ni *agricola bonus*, si *bona*. Mswahili hili asilihofu: kiongozi ana ki-, lakini tunasema "kiongozi mzuri amefika", hatusemi "kizuri kimefika". Vivyo hivyo *rex magnus, regem magnum, reges magni*: miisho miwili haifanani, upatanisho uko kamili.

Hatua ya 5: Kamusi

*Regem* haimo kwenye kamusi, kama vile "viti" inavyotafutwa chini ya "kiti". Nomino hupangwa kwa nominativus ikifuatwa na genitivus: rex, regis. Ukikariri *rex* pekee huwezi kuifikia *regem*, kwa sababu shina linapatikana kwenye genitivus ukiondoa -is. Kila kadi iwe na vitu vitatu: rex, regis, jinsi. Kitenzi kiwe na sehemu nne: do, dare, dedi, datum. Asiyeikariri ya tatu atahangaika na *dedit* mpaka usiku.

Hatua ya 6: Saa, pesa na tarehe

Saa ni zawadi kwetu. Warumi waligawa mchana sehemu 12 kuanzia macheo: hora prima ni saa moja asubuhi, hora sexta ni saa sita mchana. Usijumlishe wala usitoe. Ila saa yao ilirefuka na kufupika na majira. Mjini Roma ilikuwa karibu dakika 75 za leo kiangazi kikikolea, na karibu 45 katikati ya baridi.

Pesa za enzi ya Augusto: aureus 1 ni denarius 25, denarius 1 ni sestertius 4 au as 16.

*Africa* katika maandishi ya Kirumi mara nyingi ni jimbo lao tu, hasa Tunisia ya leo na pembezoni mwake, si bara zima.

Tarehe huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku tatu: Kalendae (tarehe 1), Nonae (5) na Idus (13). Machi, Mei, Julai na Oktoba, Nonae ni 7 na Idus ni 15. Siku ya mwanzo na ya mwisho zote zinahesabiwa, na hapo ndipo watu hukosea kwa siku moja. Kanuni: kwa Nonae na Idus, chukua tarehe yake, ongeza 1, toa namba iliyoandikwa. Kwa Kalendae, chukua idadi ya siku za mwezi uliotangulia, ongeza 2, toa namba. *Pridie* ni siku moja kabla.

Jaribu kwa mji wa Pompeii, uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Tarehe iliyozoeleka ni IX Kal. Sept.: 31 + 2 − 9 = 24 Agosti. Mwaka 2018 yalipatikana huko maandishi ya mkaa ukutani yenye XVI K Nov: 31 + 2 − 16 = 17 Oktoba. Hayakuandikwa mwaka, lakini yameupa nguvu upande unaosema mlima ulilipuka Oktoba. Kanuni hii inafaa kuanzia 45 KK, kalenda ya Caesar ilipoanza kutumika. Kabla ya hapo miezi mingi ilikuwa na siku 29.

Hatua ya 7: Soma jiwe

Maandishi ya mbele ya Pantheon, hekalu la kale la Roma, ni zoezi bora kuliko sentensi nyingi za vitabuni: M·AGRIPPA·L·F·COS·TERTIVM·FECIT. V hapa ni U. M ni Marcus, L ni Luci (genitivus, ingawa mwisho haukuandikwa), F ni filius, COS ni consul, konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa Roma wa kila mwaka. Anza na kitenzi: *fecit*, alitengeneza. Kiima ni *Agrippa*, mwanamume mwenye -a kama agricola. "Marko Agripa, mwana wa Lusio, konsuli kwa mara ya tatu, alijenga." Ukonsuli huo wa tatu ni wa mwaka 27 KK. Lakini kwenye mtihani usiandike kwamba Agripa ndiye aliyejenga kuba lile: jengo lake liliungua, na lililosimama leo ni la enzi ya Kaisari Hadrianus, aliyeliacha jina la zamani pale juu.